Kabureta ya CG125 inavuja ingawa sindano ni mpya

Swali: Mimi ni mwalimu karibu na Luanda, kaunti ya Vihiga. Nina Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba. Tangu mwezi wa kwanza inavuja petroli kupitia ule mrija mdogo ulio chini ya kabureta. Fundi wa kwanza alibadilisha sindano ya floti, ikaendelea kuvuja. Wa pili aliweka sindano nyingine, kisha akaukunja mrija na kuufunga kwa waya. Kuvuja kulikoma, lakini baada ya wiki mbili nilikuta oili imepanda na inanuka petroli. Nimeufungua mrija, na sasa inavuja kama zamani. Jioni nikifunga koki, bado inadondoka kwa muda kisha inakauka, na asubuhi haiwaki mpaka nifungue koki na kusubiri kidogo. Plagi ni nyeusi. Usiku huwa naiingiza jikoni. Je, fundi, ninunue kabureta mpya?

Jibu: Mwalimu, kabla ya kuzungumzia kabureta nakuomba uitoe pikipiki hiyo jikoni leo hii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukatokea kwenye upenyo wa paa. Unatambaa sakafuni kama maji mpaka ukutane na moto, na petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika jiko la nyumbani kwetu. Kaa moja lililofunikwa majivu linatosha. Najua wezi ndio wanaotufanya tulale na pikipiki ndani, lakini hadi uvujaji huu uishe, ilale nje chini ya kibanda kinachopitisha upepo, ifungwe kwa mnyororo, na koki iwe imefungwa.

Nimeyasoma maelezo yako mara mbili kwa sababu yana ushahidi mwingi kuliko unavyodhani. Mafundi wako wote wawili walitafuta kosa moja. Ninavyoona mimi, kabureta yako ina makosa mawili yanayotokezea kwenye mrija uleule, na ndiyo maana kila tiba iliyolenga kosa moja ilionekana kushindwa. Kwa hiyo usinunue kabureta bado, wala usinunue sindano ya tatu.

Ili tuelewane, tuanze na jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. CG125 haina pampu ya petroli. Mafuta hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu, yakapita kwenye koki na mpira, yakaingia katika bakuli la kabureta kupitia tundu dogo. Juu ya petroli iliyomo bakulini huelea floti, na kadiri petroli inavyopanda ndivyo floti inavyoisukuma sindano juu hadi ncha yake iketi kwenye tundu na kulifunga. Petroli ikitumika, floti inashuka, sindano inaachia, na mafuta mengine yanaingia. Ndani ya bakuli hilo pia kumesimama kibomba chembamba cha shaba kilicho wazi upande wa juu, ambacho kimepita kwenye sakafu ya bakuli na kuungana na mrija unaoning'inia chini. Kibomba hicho ni mlinzi. Sindano ikishindwa kufunga na petroli ikapanda kupita kiasi, ziada inamiminika kwenye mdomo wa kibomba na kuanguka ardhini badala ya kuingia kwenye injini.

Kwa hiyo petroli inaweza kutokea kwenye mrija wako kwa njia tatu. Huenda imepanda hadi ikaupita mdomo wa kibomba, na hilo ni kosa la sindano, la floti au la uchafu. Huenda kibomba chenyewe kimepasuka, hata kama ni ufa mwembamba kama unywele, petroli ikapenya ubavuni wakati kimo chake ni sawa kabisa. Au huenda skrubu ya kumwagia mafuta, ile iliyo chini ya bakuli, haifungi vizuri, kwa maana katika kabureta nyingi za aina hii skrubu hiyo humwagia kwenye mrija uohuo.

Sasa tuupime ushahidi wako. Fundi wa pili alipoufunga mrija, kuvuja kulikoma. Kama kosa lingekuwa ufa wa kibomba peke yake, hadithi ingeishia hapo: petroli ingejaa bakuli hadi kimo chake cha kawaida, sindano ingefunga, na oili yako isingeguswa. Lakini oili ilipanda. Maana yake ni kwamba petroli iliendelea kupita kwenye sindano ile mpya, ikakosa njia ya kutokea chini, ikapanda hadi kwenye koo la kabureta, ikaingia kwenye silinda kupitia vali ya kuingizia, kisha ikateremka polepole kwenye pengo la ringi za pistoni hadi kwenye oili. Basi sindano haifungi, au inazuiwa kufunga. Hilo ni kosa la kwanza, na limethibitishwa na waya wa fundi wako, ingawa kwa kulipia gharama usiyostahili. Mrija ule haupaswi kufungwa kamwe, wala kukunjwa, wala kuachwa uzibwe na tope au na nyigu wanaopenda kujenga humo.

Ushahidi wa pili ni ule wa jioni. Sindano isipofunga, petroli inayodondoka ni ile inayotoka kwenye tangi. Ukiifunga koki, kinachobaki ni kiasi kidogo kilichomo kwenye mpira, kisha inakauka na bakuli linabaki limejaa hadi mdomo wa kibomba. Asubuhi yake injini ingewaka hata kabla hujagusa koki, kwa sababu petroli ya bakuli pekee inatosha kuiendesha kwa muda mfupi. Ya kwako haiwaki mpaka bakuli lijazwe upya. Kwa hiyo bakuli lilimwagika usiku, na haliwezi kumwagika kupitia mdomo wa kibomba uliosimama juu ya kimo cha petroli. Kuna njia nyingine chini yake: ufa, au skrubu.

Kabla ya kipimo chochote, shughulikia oili, na tafadhali usiipige kiki kwanza. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe bila kukiskrubu, kisha ukitazame. Ikiwa oili imepita alama ya juu, au ni nyepesi kama chai na inanuka petroli, imwage yote na uweke mpya. Injini hii inatumia karibu lita moja tu, na hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na shimo la kemshafti lililoliwa kwa kukosa utelezi. Kisha chomoa plagi, weka kofia ya plagi mbali na tundu, hakikisha suichi imezimwa, na usukume kiki polepole kwa mkono. Ikiwa kuna petroli juu ya pistoni itatoka kwenye tundu la plagi bila madhara. Ukiipiga kiki kwa nguvu wakati silinda ina kimiminiko na plagi imo, unaweza kuupinda mkono wa pistoni, maana kimiminiko hakibanwi kama hewa.

Kipimo cha kwanza ni cha koki, kwa sababu vipimo vingine vyote vinaitegemea. Vuta mpira kutoka kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa, funga koki, na uache kwa saa moja. Chupa ikiwa kavu, koki ni nzima. Ikiwa kuna matone, basi unapodhani umeifunga hujaifunga, na hoja niliyoijenga hapo juu kuhusu jioni inahitaji kupimwa upya baada ya kubadilisha mpira wa ndani wa koki. Halafu fungua koki kwa muda mfupi uone mtiririko: unapaswa kuwa mstari thabiti, si matone. Mtiririko ukidhoofika baada ya muda, kuna uchafu kwenye chujio la koki, na uchafu huo ni habari muhimu kwetu, nitaurudia.

Kipimo cha pili kitakufurahisha kwa sababu chombo chake unacho darasani. Rudisha mpira, futa kabureta yote kwa kitambaa hadi ikauke, saga chaki iwe unga laini, na uupake kwa brashi kuzunguka maungio yote: mahali bakuli linapokutana na mwili wa kabureta, kichwa cha skrubu ya kumwagia, na mahali mpira unapoingilia. Fungua koki na utazame kwa dakika kumi. Unga uliolowa na kuwa mweusi unaonyesha mahali petroli inapochungulia kwanza, kabla haijateremka na kukudanganya. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya bakuli kwa sababu bakuli limelowa, wakati petroli ilitoka juu kwenye mpira uliopasuka na kuteremka ubavuni. Kwa upande wako natarajia unga ubaki mkavu na mrija pekee udondoke, lakini heri kutazama kuliko kutarajia.

Cha tatu ndicho kitakachotenganisha makosa yako mawili. Nunua sirinji ya mililita 20 kwenye duka la dawa. Acha koki wazi dakika tano, ifunge, na papo hapo fungua skrubu ya kumwagia huku ukikinga kikombe chini ya mrija; pima kwa sirinji kiasi kilichotoka na ukiandike. Funga skrubu, fungua koki bakuli lijae tena, funga koki, na safari hii usubiri saa mbili kabla ya kumwaga na kupima. Bakuli lisilovuja lingekupa kiasi kilekile, pengine pungufu kidogo kwa sababu ya kukauka. Ikiwa kiasi cha pili kimepungua sana lakini bado kipo, ufa wa kibomba upo katikati, na petroli iliishia pale ufa unapoanzia. Ikiwa hakuna kitu kabisa, basi petroli imetoka hadi sakafuni, na hapo mtuhumiwa ni skrubu ya kumwagia au shina la kibomba. Badilisha kwanza oringi ya skrubu, yaani pete yake ya mpira, ikiwa ya kwako inayo, au safisha ncha yake na mahali inapokaa, kisha upime tena.

Baada ya hapo toa bakuli. Skrubu zake ni laini na huharibika vichwa, kwa hiyo tumia bisibisi ya nyota inayojaa barabara kwenye kichwa na uibonyeze kwa nguvu unapozungusha. Usilipige bakuli pembeni kwa nyundo ili liachie, kwani nashuku vibomba vingi vilivyopasuka vilipasuliwa hivyo. Osha bakuli, likaushe, liweke juu ya vipande viwili vya mbao ili mdomo wa chini uwe wazi, tandaza gazeti kavu chini yake, na ulijaze petroli hadi milimita chache chini ya mdomo wa kibomba. Subiri dakika kumi na tano. Gazeti likilowa wakati skrubu imeshathibitika kuwa nzima, umempata mhalifu, na hakuna sindano duniani ambayo ingeweza kukuponyesha: petroli inapotoka kwa ufa, floti inashuka, sindano inafungua kwa utiifu kabisa, na tangi zima linaweza kuishia chini kupitia kabureta ambayo floti na sindano yake ni nzima.

Ufa wa kibomba unatibika. Usimpe mtu wa kuchomelea kwa gesi, kwa kuwa bakuli limesubiwa kwa madini mepesi yanayoyeyuka mapema na utarudishiwa donge. Kibomba kisafishwe kwa msasa laini hadi shaba ing'ae, kipakwe dawa ya kulehemu, na kilehemiwe kwa risasi kwa kutumia pasi ya umeme kama ile ya mafundi wa redio, tabaka jembamba tu, bila kuziba tundu la ndani. Hakikisha bakuli limeoshwa kwa maji ya sabuni na limekaa juani nusu siku kabla ya kupelekwa karibu na moto wowote. Gundi za kawaida za dukani hulainika ndani ya petroli, kwa hiyo usizitumie. Na ikiwa kuna jalala la kabureta mbovu kwa fundi yeyote karibu nawe, bakuli zima la kabureta ya aina ileile ni suluhisho rahisi kuliko yote; hakikisha tu kwamba matundu ya skrubu na mfereji wa gasketi yanalingana.

Sasa sindano. Hapa inafaa kujua ni nguvu ndogo kiasi gani inayohusika. Petroli ikisimama sentimita 30 juu ya kabureta, na tundu likiwa na upana wa milimita 2 hivi, uzito unaoisukuma sindano ifunguke haufiki hata gramu moja. Floti inaweza kushinda mzigo huo bila taabu. Lakini udogo huohuo una upande wake wa pili: chembe moja ya kutu, isiyoonekana vizuri kwa macho, ikiketi kati ya ncha ya sindano na kiti chake, inatosha kuacha upenyo. Ndiyo maana sindano mpya iliyowekwa kwenye pikipiki yenye tangi lenye kutu hufunga siku mbili au tatu, kisha inarudi kuvuja, na mwenye pikipiki anaamini ameuziwa spea bandia. Wakati mwingine ameuziwa kweli. Mara nyingi zaidi, kwa uzoefu wangu wa karakana hapa Kisumu, tangi ndilo lililomwibia.

Toa pini ya floti kwa upole, shika floti na sindano pamoja, na uzitazame moja moja. Ncha ya sindano ikiwa na mfereji wa duara ulioliwa, imechakaa. Ikiwa laini na nyororo, iache. Kile kijipini kidogo kilicho nyuma ya sindano kinapaswa kuingia na kurudi kwa springi yake bila kukwama. Tikisa floti karibu na sikio: ukisikia maji yakicheza ndani, imetoboka na imekuwa nzito, haiwezi tena kuinua kitu. Kama huna uhakika, izamishe kwenye sufuria ya maji ya moto iliyoondolewa jikoni, na utazame kama viputo vinatoka. Angalia ulimi wa floti, kile kibati kinachogusa sindano. Baada ya miaka mingi huchimbika kidogo, na sindano ikianza kukwama kwenye kichimbo hicho haipandi wima. Angalia pia kwamba floti inacheza kwa uhuru kwenye pini na haigusi ukuta wa bakuli wala gasketi iliyokatwa vibaya. Gasketi zinazokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi nene zimewahi kunipotezea siku nzima.

Kiti cha sindano katika kabureta nyingi za aina hii kimepigwa ndani ya mwili na hakitolewi kwa spana. Kisafishe kwa kijiti cha pamba chenye petroli, ukikizungusha taratibu. Usiingize msasa wala msumari. Kisha fanya kipimo kinacholingana na hali halisi: geuza kabureta chini juu ili uzito wa floti uifunge sindano, unganisha mpira kwenye tundu la kuingizia, jaza mpira petroli, na uinue ncha yake sentimita 30. Kimo cha petroli ndani ya mpira kikitulia kwa dakika tano, sindano na kiti vinafungana. Kikishuka, havifungani. Watu wengine hupuliza kwa mashine ya upepo. Usifanye hivyo, kwa sababu presha ya mashine ni kubwa mno kuliko ile ya tangi na itakuonyesha uvujaji ambao hautatokea barabarani kamwe.

Ikiwa vyote vimepita na bado petroli inapanda hadi mdomo wa kibomba, kosa ni kimo cha floti. Laza kabureta ubavu, uiinamishe hadi ulimi uguse kijipini cha sindano bila kukibonyeza springi, halafu upime kwa rula kutoka kwenye uso wa kabureta ambako gasketi huketi hadi ncha ya mbali ya floti. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha huduma cha kabureta yako. Usiazime namba ya pikipiki nyingine, hata kama zinafanana kwa nje. Floti ikiwa na ulimi wa chuma, unaupinda kidogo sana: ukiupinda ili usukume sindano mapema zaidi, kimo cha petroli kinashuka. Njia ya kuhakikisha bila kubahatisha ni kuvalisha mpira wa plastiki unaoangaza kwenye mdomo wa mrija wa chini, kuuinua ubavuni mwa bakuli, na kulegeza skrubu ya kumwagia. Petroli itasimama ndani ya mpira kwenye kimo kilekile ilichosimama ndani ya bakuli. Ifanye kazi hii pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati. Kwenye stendi ya pembeni pikipiki inaegemea kushoto, kimo kinahama, na kuna kabureta ambazo huvuja zikiegemea tu.

Nimeahidi kurudi kwenye tangi, na kwa kweli ningependa ulipe tangi muda mrefu kuliko vingine vyote. Mwaga petroli yote kwenye mtungi wa kioo au wa plastiki nyeupe na uiache usiku kucha mahali pasipo moto. Asubuhi utaona tabaka. Maji yatakuwa chini kabisa kama lulu zilizotandazwa, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na kutu itakuwa imelala kama vumbi la matofali. Katika ukanda wetu, ambako mvua za masika zinanyesha kila alasiri na tangi linakaa nusu tupu, unyevu wa hewa huganda ndani ya bati la juu usiku na kuteremka. Kama unga ule mwekundu ni mwingi, jaza tangi siki, uiache siku mbili, tikisa na kokoto safi ulizozihesabu kabla ya kuziingiza, ili uzitoe zote, suuza kwa maji yenye magadi, kisha suuza kwa petroli kidogo na ujaze mara moja kabla kutu mpya haijaanza. Koki itolewe kabla ya kazi hiyo, na chujio lake lisafishwe. Ukipenda kuweka chujio kwenye mpira, chagua lile dogo la pikipiki na upange mpira uteremke moja kwa moja bila kutengeneza kilima, maana hewa inayonaswa kwenye kilima huzuia petroli inayoshuka kwa uzito wake.

Kuna jambo moja ambalo mtu atakuambia, nami nalitaja ili usipoteze muda. Watasema petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ndiyo inayoifanya kabureta ifurike. Uchanganyaji huo ulikuwa tatizo kubwa nchini hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, na madhara yake kwa injini ni ya kweli: moshi, masizi, nguvu kupungua. Lakini mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, kilo 0.8 hivi kwa lita dhidi ya 0.74, na floti huelea vizuri zaidi kwenye kitu kizito. Kwa hiyo mchanganyiko huo, kama una athari yoyote kwa kimo, unakishusha. Jua kali ni suala tofauti. Lita 10 za petroli zilizotoka kwenye kivuli zikapata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka karibu mililita 140, na tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi likiwa limezibwa na vumbi, presha hiyo inaisukuma petroli ipite hata sindano nzima. Ukiona inavuja adhuhuri tu ikiwa imeegeshwa juani, na inakoma ukifungua kifuniko, safisha tundu hilo.

Kuhusu kununua kabureta mpya: zile za bei nafuu zinazouzwa kwa injini za mfumo wa CG, mara nyingi za aina ya PZ26, zinaingia na zinafanya kazi, lakini jeti zake, yaani vitundu vinavyopima petroli inayoingia kwenye injini, hazikukusudiwa kwa pikipiki yako hasa, na nimekuta baadhi zikiwa na vumbi la chuma kutoka kiwandani ndani ya bakuli. Ukiweka kabureta safi chini ya tangi lenye kutu, baada ya mwezi mmoja utaniandikia tena. Sababu moja tu ingenifanya nikushauri ununue: kiti cha sindano kikiwa na mkwaruzo unaoonekana kwa kioo cha kukuzia na kipimo cha mpira wa sentimita 30 kinashuka hata kwa sindano mpya safi. Mwili wenye kiti kilichoharibika haufai kuhangaikiwa. Kama slaidi nayo, ile inayoinuliwa na kebo ukivuta mafuta, inagongagonga ndani ya mwili na injini haitulii polepole, hiyo ni sababu ya kuongezea. Vinginevyo, kabureta ya marehemu mzee wako ina miaka mingi mbele yake.

Weusi wa plagi usiuguse kwa kubadilisha jeti. Kimo cha petroli kikiwa juu, kila jeti inatoa zaidi ya inavyopaswa, na plagi inaonyesha tokeo hilo tu. Hata tofauti ya mwinuko, ambayo humfanya mtu anayehamisha pikipiki kutoka Kisumu hadi Nakuru aone mchanganyiko umekuwa mzito kidogo, haifikii kiasi hiki. Ukishamaliza kurekebisha kibomba, sindano na tangi, weka plagi safi, oili mpya, na mrija wa chini ulio wazi unaoelekea ardhini mbali na ekzosi. Washa, iache ipate joto, endesha hadi Maseno na kurudi bila kuvuta choki, kisha uzime, ufunge koki na uchomoe plagi. Ikiwa kaure yake imekuwa ya kahawia hafifu, fanya tena kile kipimo cha sirinji cha saa mbili, na kiasi kikitoka kilekile unaweza kuanza kufikiria kuirudisha pikipiki ndani, ingawa ningependa iwe sebuleni badala ya jikoni.